Itatusaidia Nini?

Kuna swali linaloniudhi kuliko ujinga wenyewe. Kijana akisema anakwenda kusomea shahada ya uzamivu, na kwamba atatafiti namna ya kuyatawala mawimbi ya terahezi kwa semikondakta, wazee wenzangu hapa Mafinga, na wasomi wakiwamo, humwuliza, "Itatusaidia nini?" Huuliza huku wameshacheka. Jibu hawalingoji.

Basi nitalitoa mimi. Mawimbi hayo yako kati ya yale ya redio na simu na ile miali ya joto tunayoiota motoni. Hupenya nguo, karatasi, hata ubao mwembamba mkavu, lakini maji huyanyonya. Kuyazuia na kuyafungulia ni kazi ngumu. Ndipo semikondakta inapoingia, kitu kisichopitisha umeme vizuri kama shaba wala kuukataa kama chupa. Ukikimulika kipande cha silikoni kwa mwanga mkali, elektroni zake huachiliwa, nacho huwa kama bati mbele ya mawimbi. Mwanga ukizimwa, njia hufunguka. Ni mlango usio na bawaba.

Maji huyanyonya, nimesema. Sasa mtu wa Mufindi, anayekula kwa mbao za Sao Hill na kwa chai, ndiye wa kuuliza faida? Mbao mbichi zikiuzwa kama kavu hupinda zikiwa tayari darini. Watafiti wameshapima unyevu wa mbao, na wa majani ya mimea, kwa mawimbi hayo hayo.

Watasema hizo ni kazi za matajiri. Uongo! Jagadish Chandra Bose alifanya majaribio ya mawimbi ya milimita chache mjini Calcutta mwaka 1895, India ikiwa koloni. Mwaka 1904 alipewa hataza Marekani kwa kifaa cha kuyanasa mawimbi kwa galena, jiwe ambalo ni semikondakta.

Na kwetu? Erasto Mpemba alichekwa shuleni kwa kusema maziwa ya moto ya aiskrimu huganda kabla ya yaliyopoa. Akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena mbele ya mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wanafunzi walicheka, mgeni alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 makala yao ilichapishwa, na wataalamu wanaibishania hadi leo.

Wanaotaka faida kwanza wamnunulie mwanafunzi redio mbovu kwa fundi wa sokoni, aishike dayodi mkononi badala ya kuchorewa ubaoni. Kisha waje na swali lao.