Susan Alikosea Nini Hasa?

Wasee, leo hakuna video ya vipodozi. Leo ni Susan Pevensie, na nimeamua kuandika kwa sababu nikisema haya mbele ya kamera nitapiga kelele mpaka majirani wagonge mlango.

Nilisoma vitabu saba vya Narnia nikiwa kidato cha tatu, bwenini, taa zikishazimwa. Viliandikwa na C.S. Lewis, vikatoka kimoja kila mwaka kuanzia 1950 hadi 1956. Nakala zetu zilikuwa zimepitia mikono mingi mpaka cha kwanza hakikuwa na jalada. Na tafadhali ukianza, anza na kile cha kabati. Matoleo ya siku hizi yameweka The Magician's Nephew kuwa namba moja, lakini kilitoka 1955 na kinakumalizia utamu wa ile kabati kabla hujaifungua.

Nilichekwa, ati msichana wa miaka 16 anasoma hadithi ya simba anayeongea. Lakini kuna vitu mtoto wa miaka tisa hangeona. Mchukue Edmund, anayewauza ndugu zake kwa mchawi juu ya vitamutamu vya Kituruki. Mimi sikuvijua, nikavipa ladha ya halua ya Mombasa. Baadaye nikajua kwamba Uingereza peremende zilikuwa za mgao hadi 1953, yaani watoto waliokuwa wakisoma hiki kitabu kilipotoka walikuwa na njaa ya sukari kama Edmund. Mtu wa bweni anaelewa hiyo haraka. Nimeona mabeste wakikosana mwaka mzima juu ya nusu mkate.

Na Edmund alisamehewa. Msaliti kabisa, lakini akawa mfalme na hakuna anayemrushia maneno. Kumbuka hiyo.

Sasa njoo kwa Susan. Ana upinde wake na shabaha yake. Usiku Aslan anapoenda kuuawa, Peter na Edmund hawapo. Wanaomsindikiza ni Susan na Lucy, na ndio wanaokaa na maiti mpaka alfajiri. Halafu mwisho wa Prince Caspian, yeye na Peter wanaambiwa wamekuwa wakubwa, hawatarudi Narnia tena. Sawa. Dada anarudi Uingereza, anakua kama alivyoambiwa. Ukifika The Last Battle, wenzake wote wako ndani ya lango na yeye hayupo. Peter anasema kwa kifupi, uso umekauka, kwamba dadake si rafiki wa Narnia tena. Mwingine anaongeza kuwa siku hizi hajali chochote ila lipstiki, soksi za nailoni na mialiko.

Hao wote wamefika huko kwa sababu ya ajali ya treni, na wazazi wao pia wamekufa. Susan hakuwepo. Kwa mpangilio wa miaka aliouacha Lewis mwenyewe, ana miaka 21 wakati huo. Kwa hivyo kule London kuna msichana wa miaka 21 anayeenda kuzika baba, mama, kaka wawili na dada, na kitabu hakimwandikii hata sentensi moja ya pole.

Bwenini nilisonya nikalala. Sasa niko 22, niliacha chuo mwaka wa pili, na kazi yangu ni hiyo hiyo lipstiki, na inalipa kodi ya nyumba. Krismasi iliyopita tulikuwa ushago kwa shosho. Anko mmoja akasimama kututambulisha kwa mgeni: huyu ni mwalimu, huyu anasomea uuguzi, huyu yuko benki. Akafika kwangu akasema, "Na huyu tulimpoteza kwa mambo ya urembo." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, si unajua. Lakini ilikuwa sauti ya Peter kabisa.

Najua mtaniambia kosa la Susan si lipstiki, ni kwamba alijidanganya Narnia ilikuwa mchezo wa utotoni tu. Ni kweli, kitabu kinasema hivyo. Lakini ukishaambiwa usirudi, utaishi vipi na kumbukumbu ya mahali ulipokuwa malkia? Wengine huongea juu yake kila siku. Wengine hujifanya haikuwepo. Mimi nina picha za siku ya kuripoti chuoni na sijazifungua miaka miwili.

Kinachonisumbua ni kwamba Lewis alijua. Kile cha kabati alimpa Lucy Barfield, mtoto wake wa ubatizo, na pale mwanzoni anamwambia ameshapita umri wa hadithi hizi, lakini siku moja atakuwa mkubwa wa kutosha kuzirudia. Lucy halisi akapewa muda. Hata Susan, mwaka 1957 Lewis alimwandikia mtoto mmoja kwamba bado yuko hai na huenda akafika kwa njia yake. Poa, lakini hiyo ni barua. Kwa kitabu, mlango umefungwa.

Kasini yangu wa miaka 15 ameomba kitu cha kusoma likizo hii. Nimempa vyote saba, hata kile kisicho na jalada. Nimemwambia akifika pale wanapouliza Susan yuko wapi, anipigie, hata kama ni usiku wa manane.