Fomu ya mtoto ifungwe (sehemu ya 6)

Leo siongelei chanjo, naongelea fomu.

Mama mmoja alinionyesha kwenye simu fomu ya kumwandikisha mwanae chekechea. Mtoto ana aleji ya karanga, akila anavimba midomo. Natafuta swali la aleji, halipo! Mzazi mmoja alilifuta kwa bahati mbaya wakati anajaza, akairudisha kwenye grupu, wengine wakapakua hiyo hiyo. Na uji wa watoto wetu mnaujua, karanga ndani.

Mimi simlaumu mzazi. Aliyetuma fomu angeifunga. Kwenye Word ya kompyuta unaweka nafasi za kujaza kwa menyu ya Developer, halafu unaenda Review, Restrict Editing, unachagua Filling in forms na kuweka neno la siri. Maswali hayaguswi tena, mtu anaandika kwenye nafasi tu. Aleji iwe ya kuchagua Ndiyo au Hapana, na jamani, msiweke Hapana tayari!

Ila kufunga hivyo hakufichi kitu, faili bado linasomeka. Ukishajaza, mtumie mwalimu peke yake, sio grupu.

Yule mama nilimwambia aprinti, aandike juu kabisa kwa peni nyekundu: KARANGA HAPANA.