Fila haigeuki mbao

Mwandishi ninayemjibu hapa anashikilia kwamba hakuna mlango usiotengenezeka kwa fila: jaza, piga msasa, paka vanishi, umemaliza. Kwa tundu la msumari, sawa. Kwa mengine, anawapoteza watu.

Anasema ufa ujazwe mpaka ujae. Ujazwe msimu gani? Hapa Msambweni mbao hunywea wakati wa kaskazi na kuvimba masika. Fila ngumu haiendi nayo. Itapasuka au itasukumwa nje. Mafundi wa majahazi wa pwani hii wanalijua hilo tangu zamani, ndiyo maana maungio huyakalafati kwa pamba iliyoloweshwa mafuta, kitu kinachobonyea.

Ila dai lake bovu kabisa ni kwamba fila “ikikauka ni mbao”. Kwa lipi? Mbao ina nyuzi na vinyweleo vya kunywa rangi, fila haina. Hata ukikoroga unga wa mvule uleule na gundi, gundi huizuia rangi isiingie. Paka vanishi kisha simama mlangoni asubuhi, jua likipiga ubavuni: kiraka kinaonekana toka barazani. Tena fungia bawaba kwenye hiyo “mbao” yake. Skrubu itazunguka bure, na mlango utalala.

Na sehemu iliyooza chini ya mlango? Eti ifunikwe. Unyevu unabaki ndani na uozo unaendelea. Kata mpaka ufike kwenye mbao nzima, kisha unga kipande cha mbao ileile, nyuzi zikifuata nyuzi. Ni kazi ya nusu siku, na mwenye nyumba ameilipia.