TAHARIRI: Jina Jipya Halipandishi Bei ya Maharage

Herufi TBC zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Redio iliyoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika, TBC, mwaka 1956. Mwaka 1965 serikali ililivunja shirika hilo na kuiendesha redio yenyewe, ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Baadaye RTD na Televisheni ya Taifa, TvT, viliunganishwa kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na mwaka 2007 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Herufi tatu zikarudi: TvT ikawa TBC1, RTD ikawa TBC Taifa.

Mkulima wa Heru Juu atauliza, yote hayo yanamhusu nini? Yanamhusu sana. Mwenye maharage asiyejua bei ya Kigoma mjini au Dar es Salaam hupokea bei anayotajiwa na mchuuzi gulioni, tena kwa gunia la lumbesa. Habari ya soko ni pembejeo kama mbolea.

Tofauti iko kwa mwenye mali. Kampuni ya simu ya Celtel ilipogeuka Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, walioamua ni wenye hisa. Mteja asiyeridhika alikuwa na njia moja: kuhamia mtandao mwingine. TBC ni mali ya umma. Inaendeshwa kwa fedha za serikali pamoja na mapato ya matangazo ya biashara. Kila anayelipa kodi, hata ile iliyomo ndani ya bei ya sabuni na sukari, amechangia.

Kwa hiyo, nembo inapobadilika tusiishie kusifia rangi. Tuulize mambo matatu: nani mmiliki, nani analipa, na sisi tunapata nini. Kama taarifa za bei hazitaji soko la Kasulu wala Kibondo, vyama vya ushirika na madiwani wapeleke hoja hiyo kwa maandishi, wakitaja mazao na siku za gulio.

Mwenye mali asiyeuliza hesabu asishangae duka likifilisika. Wakulima, chombo hiki ni chenu. Kidaini.