Posta ya muvi si picha ya harusi, mastaa mpisheni dizaina afanye kazi

Posta ya muvi mpya ya Kibongo ikidondoka mtandaoni, watu wanaanza kuhesabu vichwa. Tisa, kumi, wamebanana kama abiria wa daladala jioni. Juu moto unawaka, chini kuna bastola, pembeni logo za wadhamini. Muulize mtu muvi inahusu nini, hajui.

Lawama zote anabebeshwa dizaina, na hapo anaonewa. Anashtuliwa usiku, anatumiwa picha za WhatsApp zenye ukungu, anaambiwa kazi itoke asubuhi. Akimaliza, vita inaanza. Staa huyu hataki sura yake iwe ndogo kuliko ya yule, na bifu lao la mwaka juzi linahamia kwenye posta. Mwenye hela naye anataka mpwa wake aliyeonekana dakika mbili awekwe mbele. Mwisho wa siku wote wameridhika, kasoro mtazamaji.

Ni kweli sura ya staa inauza. Ila sura kumi zinauza nini? Cheki posta ya Jaws ya mwaka 1975: mwanamke anaogelea, chini yake papa kaachama. Basi. Hakuna sura ya staa hata mmoja, lakini kila mtu alijua anaenda kuogopa nini.

Kwenye tovuti ndiyo balaa zaidi. The Blair Witch Project ya 1999 ilikuwa na waigizaji wasiojulikana na bajeti ya kuungaunga. Tovuti yake ilikuwa hewani mapema kabla muvi haijatoka, ikionyesha "ushahidi" wa wanafunzi watatu waliopotea msituni. Watu wakaanza kubishana kama ni kweli, na muvi ikaingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani. Si lazima kudanganya watu hivyo, ila wale walimpa mtazamaji kitu cha kufuatilia.

Huku kwetu unabonyeza linki kwenye bio, unakuta ukurasa umeandikwa "inakuja hivi karibuni" wakati muvi imetoka wiki iliyopita! Mtu mwenye bando la kubana anataka vitu vitatu tu: trela, inaonyeshwa wapi, na bei gani. Akivikosa, anaenda kwa mwizi wa muvi, maana ya mwizi inafunguka fasta. Halafu mastaa hao hao wanalia kwenye intavyuu kwamba muvi hazilipi.

Dawa haihitaji mamilioni. Dizaina aitwe tangu siku ya kwanza ya kushuti, awepo mtu wa kupiga picha za posta pale pale lokesheni, na nani anakaa mbele kiandikwe kwenye mkataba kabla kamera haijawashwa. Dizaina alipwe, na jina lake litajwe mwishoni kama wengine.

Haya wadau, posta gani ya Bongo iliwahi kuwafanya mtoe hela bila kujiuliza mara mbili? Fungukeni.