Walaghai wa mitandaoni huiba imani kabla ya kuiba fedha

Ujumbe huja ghafla, aghalabu jioni watu wakiwa wametulia. Unatoka kwa mtu unayemfahamu: jina lake lipo, picha yake ipo, na mko pamoja katika kundi la WhatsApp la chama mnachochangia kila mwezi. Anakueleza kwamba kuna tarakimu sita zilizotumwa kwenye rununu yako kimakosa, naye anakusihi umpelekee upesi. Unampelekea. Muda si muda akaunti yako inakufungia nje, na jina lako linaanza kuwaomba jamaa na marafiki mkopo wa Sh5,000, utakaolipwa kesho asubuhi.

Wengi wanaotapeliwa kwa njia hii hujilaumu kwamba hawajui mambo ya teknolojia. Hawastahili lawama hiyo. Zile tarakimu sita ni ufunguo ambao WhatsApp hutuma kwa mwenye nambari kila nambari hiyo inaposajiliwa katika kifaa kipya. Tapeli hakuhitaji kuvunja kufuli lolote, bali alikuomba ufunguo, nawe ukampa kwa sababu alikujia kwa sura ya rafiki. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Jumbe taka, yaani jumbe zinazotumwa kwa halaiki ya watu ambao hawakuziomba, hazikuanza leo. Mnamo Mei 1978, Gary Thuerk, aliyeshughulikia mauzo katika kampuni ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani, alituma tangazo la tarakilishi kwa watu wapatao 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliokuja kuizaa intaneti. Wengi walighadhabika. Hata hivyo, alikuwa amegundua siri ambayo walaghai wangali wanaitumia: kutuma ujumbe kwa watu elfu hakugharimu zaidi ya kuutuma kwa mtu mmoja.

Siri hiyo ilipimwa mwaka wa 2008. Watafiti wa vyuo vikuu vya California vilivyoko Berkeley na San Diego walichunguza barua pepe taka zipatazo milioni 350 zilizotangaza dawa, na kubaini kwamba zilizaa mauzo 28 pekee. Kwa muuza duka hiyo ni hasara tupu. Kwa mtu ambaye hulipia karibu bure kutuma barua hizo, na ambaye hutuma nyingine kila siku, bado kuna faida.

Mitandao ya kijamii iliwapa walaghai kitu ambacho barua pepe haikuwa nacho, nacho ni uso wa mtu unayemwamini. Kati ya Novemba 2008 na Machi 2009, Mmarekani Sanford Wallace aliingilia takriban akaunti 500,000 za Facebook na kuzitumia kusambaza jumbe taka zaidi ya milioni 27. Aliyezipokea aliona zimetoka kwa rafiki yake, akabonyeza kiungo, akaandika nywila yake katika ukurasa bandia, na akaunti yake nayo ikatekwa. Mwaka wa 2009 mahakama ilimwamuru ailipe Facebook dola milioni 711, na mwaka wa 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu gerezani.

Kuna msomaji atakayesema kwamba yeye hawezi kunaswa, kwani jumbe nyingi za aina hii zimejaa makosa na ahadi za kipuuzi. Mtafiti wa kampuni ya Microsoft, Cormac Herley, alilitafakari jambo hili mwaka wa 2012, na hoja yake ingali na uzito. Upuuzi huo, alisema, humfaa tapeli. Wenye shaka hujitenga mapema, akabaki na wachache walio tayari kuamini, naye hapotezi wakati wake kwa wasiotapeliwa. Mwenye kucheka ujumbe huo hakuwa mlengwa. Mlengwa ni yule mwenye dhiki: kijana anayetafuta kazi, au mzazi anayesaka karo.

Nchini Kenya hatari hii ina sura yake ya pekee. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka wa 2007, fedha husafiri kutoka mfuko mmoja hadi mwingine kwa sekunde chache, na aliyezipokea anaweza kuzitoa kwa wakala kabla aliyezituma hajatanabahi. Isitoshe, sisi ni watu wa harambee. Gharama ya hospitali, mazishi au karo ikimlemea mwenzetu, tunaunda kundi la WhatsApp na kuchanga. Tapeli huvizia ukarimu huo huo.

Hapo ndipo penye hasara kubwa kuliko ile ya Sh5,000. Aliyelaghaiwa mara moja husita mara ya pili. Siku ambayo mgonjwa wa kweli ataomba msaada, ombi lake litapuuzwa kwa kudhaniwa ni hila. Fedha hutafutwa zikapatikana tena, lakini ni vigumu kumrejeshea mtu imani aliyopoteza.

Je, lawama ni za nani? Sheria si haba. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inautambua wizi wa namna hii kuwa kosa, ilhali Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakataza taarifa za mtu kutumiwa kibiashara bila idhini yake. Lakini tazama madaftari yaliyoko kwenye malango ya majengo yetu, ambamo mgeni huandika jina, nambari ya kitambulisho na ya simu, kisha akaliacha wazi kwa yeyote ajaye baada yake. Sheria yaweza kuwa nzuri na mwanya ukabaki pale pale.

Kampuni zinazomiliki mitandao hii nazo zina mzigo wa kubeba. Mnamo Novemba 2025, shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba nyaraka za ndani za Meta, inayomiliki Facebook na WhatsApp, zilikadiria kuwa asilimia 10 hivi ya mapato yake ya 2024 ingetokana na matangazo ya ulaghai na ya bidhaa zilizopigwa marufuku. Meta ilijitetea kwamba makadirio hayo yalipita kiasi. Hata yakipunguzwa, swali linabaki: mwenye soko atamfukuza vipi mwizi anayemlipa kodi ya kibanda?

Madhali majibu ya swali hilo yatachelewa, mtumiaji hana budi kujilinda. Kwanza, tarakimu za uthibitisho hazipewi mtu yeyote, awe ndugu, rafiki au anayejidai kuwa mhudumu wa kampuni ya simu. Pili, washa uthibitisho wa hatua mbili katika mipangilio ya WhatsApp na Facebook. Hapo mwizi akizipata tarakimu zile sita, bado atahitaji namba ya siri uliyoichagua mwenyewe. Tatu, ukiombwa fedha kwa maandishi, mpigie mwombaji simu ya kawaida na uisikie sauti yake. Kwa kuwa siku hizi hata sauti inaweza kuigwa kwa tarakilishi, muulize jambo ambalo nyinyi wawili pekee mnalijua.

Nne, usisambaze ujumbe unaoahidi zawadi kwa sharti la kuupeleka kwa watu 20. Ukiusambaza, unakuwa tarishi wa tapeli bila mshahara. Tano, akaunti ikitekwa, sajili upesi nambari yako upya ili mwizi aondolewe, na uwaarifu wenzako kwa njia nyingine. Usinyamaze kwa aibu, kwani kila dakika ya kimya chako yeye huitumia kumnasa mwingine.

Vyama navyo viweke kanuni, tena leo: hakuna fedha zitakazotumwa kwa nambari mpya hadi wanachama wawili wamezungumza na mwenyewe. Kanuni hiyo haiwatilii wanachama shaka. Inamhakikishia kila mmoja wao kwamba siku atakapoomba msaada kwa dhati, wenzake watajua ni yeye, na mkono wao hautasita.