Mkono Mtupu Mbele ya Televisheni



Mnamo Novemba 2010 kampuni ya Microsoft ilileta sokoni Kinect, kifaa chenye kamera kilichomwezesha mtu kucheza michezo ya televisheni kwa mwendo wa mwili, bila kushika chochote. Ndani ya siku 60 viliuzwa vifaa milioni 8. Wengi wakadhani siku za rimoti zimehesabiwa. Haikuwa hivyo. Mwaka 2013 Xbox One iliuzwa pamoja na Kinect kwa dola 499. Mwaka uliofuata ikauzwa bila Kinect kwa dola 399. Mwaka 2017 utengenezaji wake ukakoma.

Sababu zi wazi. Kwanza, kifaa kilidai nafasi: mchezaji alipaswa kusimama umbali wa karibu mita 2, pasipo meza katikati. Pili, mkono ulioinuliwa hewani huchoka upesi, ilhali kidole gumba juu ya kitufe hakichoki. Mzee mwenye bega linalouma hapati nafuu hapo. Tatu, kamera huona mwendo, haioni nia. Anayempungia mgeni mkono aweza kueleweka vingine.

Hata hivyo, katika hospitali ya Sunnybrook, Toronto, madaktari wa upasuaji waliitumia Kinect kupitia picha za mgonjwa bila kugusa kitu na kuchafua mikono. Huko haja ilikuwapo.

Basi, kabla ya kutoa fedha ya familia, tujiulize: chombo hiki chatuondolea taabu gani? Upya wake pekee si jibu.

Nawatakieni juma jema.